Ada ya Kutoka Hulipwa na Nani?



Wiki hii tunaomba tuzungumze juu ya mpira. Huenda yupo atakayeuliza mpira unaingiaje katika tafakari zetu. Unaingia kwa sababu jioni vijana wetu wa Chumbi hupatikana uwanjani kuliko mahali pengine popote. Unaingia pia kwa sababu swali tunalotaka kulitazama si la mpira peke yake: kundi linapotoka katika ligi, katika chama, katika umoja wowote ule, gharama ya kutoka hulipwa na nani?

Tuanze mbali kidogo. Huko Marekani michezo ya vyuo vikuu ina mashabiki wa damu kama walivyo wa Simba na Yanga kwetu. Vyuo vimejipanga katika ligi mbalimbali, na kila ligi ina mkataba wake wa televisheni. Ligi moja ya pwani ya magharibi, iitwayo Pac-12, ilihesabu historia yake tangu mwaka 1915. Mwaka 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, UCLA na USC, vilitangaza kwamba vinahamia ligi ya Big Ten, yenye fedha nyingi zaidi. Mwaka 2023 vingine vikafuata, na hadi katikati ya mwaka 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimekwisha kuondoka. Vikabaki viwili tu, Oregon State na Washington State, katika nyumba iliyokuwa ya wengi. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na bahari ya Pasifiki, vikaingia katika ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa bara lile.

Huko ada ya kutoka huandikwa na kudaiwa. Chuo cha Maryland kilipoihama ligi ya ACC, shauri lake lilimalizika mwaka 2014 kwa dola milioni 31.4. Texas na Oklahoma walikubali mwaka 2023 kulipa jumla ya dola milioni 100 ili waondoke katika ligi ya Big 12 mwaka mmoja kabla ya wakati. Hizo ni fedha nyingi. Hata hivyo ipo ada nyingine isiyoandikwa katika mkataba wowote. Inalipwa na msichana acheaye mpira wa wavu, ambaye sasa hana budi kuvuka nchi nzima kwa ndege kwenda kucheza mechi ya katikati ya wiki kisha arudi darasani, ingawa fedha za televisheni zilizosababisha uhamisho ule hazikutolewa kwa ajili ya mchezo wake. Inalipwa na mji mdogo uliobaki nyuma, uliozoea kumpokea jirani yule yule kila mwaka. Hao hawakuketi mezani wakati wa kutia saini.

Sasa tugeukie kwetu, maana nasi tunayo habari ya namna hiyo.

Tangu mwaka 1982 timu bora za Bara na za Visiwani zilikutana katika Ligi ya Muungano, na aliyeshinda ndiye aliyekuwa bingwa wa Tanzania nzima na mwakilishi wetu katika Afrika. Wengi wanadhani kwamba ligi ile ilikuwa ya Yanga na Simba, wengine wakisindikiza. Sivyo. Mwaka 1984 bingwa wa Muungano alikuwa KMKM ya Unguja. Mwaka 1989 na tena mwaka 1992 alikuwa Malindi. Malindi hiyo hiyo mwaka 1995 ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, na mwaka huo huo timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda. Timu za visiwa hazikuwa wageni wa kuhurumiwa. Zilikuwa wapinzani wa kuogopwa.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na sisi tulio kusini mwa mto Rufiji tukaagana na kivuko cha Ndundu. Katika kipindi hicho hicho, daraja la mpira baina ya Bara na Visiwani likaondolewa. Zanzibar ilipata kibali cha CAF cha kupeleka wawakilishi wake yenyewe katika mashindano ya vilabu vya Afrika kuanzia mwaka 2004, na Ligi ya Muungano, ikiwa haina tena tiketi ya kugombewa, ikasimama. Kila upande ukabaki na ligi yake.

Yatupasa kuwa wenye haki hapa. Waliotaka kutoka walikuwa na sababu zao, tena sababu nzito. Klabu iliweza kuwa bingwa wa visiwa na bado isiione Afrika, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na wenye nguvu walikuwa wengi. Zanzibar yenye chama chake cha mpira, ligi yake na watu waupendao mchezo huu, ilikuwa na haki ya kutamani kusimama kwa jina lake. Anayemlaumu mtu kwa kutaka heshima ya nyumba yake hajatenda haki. Hatusemi kwamba kutoka ni kosa daima.

Lakini tutazame ada. Tangu kutengana huko, mabingwa wa Zanzibar wamekwenda Afrika kila mara kwa bendera yao, na mara nyingi wamerudi baada ya hatua za mwanzo tu. Upande wa pili, Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na Simba ikafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Zipo sababu nyingi za tofauti hiyo: fedha, udhamini, televisheni, idadi ya watu. Hatuwezi kuutwika mzigo wote mgongo mmoja. Hata hivyo, mchezaji hujifunza kwa kukutana na aliye bora kuliko yeye, si mara moja kwa bahati, bali mara kwa mara. Malindi ya mwaka 1989 ilikuwa na Yanga, Simba, Coastal Union na Pamba za kujipima nazo. Kijana wa Malindi wa leo hana kipimo hicho katika ligi yake.

Tena tuone jambo hili la ajabu: wachezaji bado wanavuka bahari. Feisal Salum alitoka JKU akaja Yanga. Ibrahim Hamad, maarufu kwa jina la Bacca, alitoka KMKM. Mchezaji mmoja mmoja anavuka na kufanikiwa, nasi tunamshangilia. Klabu iliyomlea ndiyo isiyovuka. Inabaki kule ng'ambo, imempoteza mwanawe, na haina siku ya kukutana naye uwanjani katika ligi. Hata fainali ile ya Simba ya mwaka 2025, mechi yake ya marudiano na Berkane ya Morocco ilichezwa katika uwanja wa Amaan, Unguja. Watu wa Zanzibar waliona fainali ya Afrika nyumbani kwao, ila iliyocheza ilikuwa klabu ya Dar es Salaam.

Na hata mlango mpana uliotarajiwa haukufunguka. Mwezi Machi mwaka 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Mwezi Julai mwaka ule ule ikaufuta uanachama huo kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Vijana wa Zanzibar walijibu kiume: Desemba hiyo hiyo walifika fainali ya Chalenji nchini Kenya wakafungwa kwa penalti tu. Vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni mahali pa kuvinoa kila wiki.

Wazee wetu wanaijua ada hii kwa habari nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliogombana walikuwa wakubwa wachache. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, na mkataba wa kuirudisha Jumuiya mwaka 1999. Lakini wale waliokuwa wafanyakazi wake wa reli, bandari na posta walikuwa wangali wakidai mafao yao hata katika miaka ya 2000, wakiwa wazee wenye fimbo mkononi. Kuvunja kulichukua muda mfupi. Kujenga upya kulichukua miaka 22. Na mwenye kulipa alikuwa mtu mdogo.

Ndiyo maana tulifurahi Kombe la Muungano liliporudishwa mwaka 2024 baada ya takribani miaka 20. Ni hatua njema, nasi tunaipongeza. Maoni yetu ni kwamba isiishie hapo. Mashindano ya siku chache, yenye timu chache, ni salamu ya sikukuu. Si maisha ya pamoja. Liwekewe nafasi ya kudumu katika ratiba, liongezwe timu, na mechi zichezwe pande zote mbili, ili mtoto wa Pemba na mtoto wa Rufiji waweze kujua kila mwaka kwamba zamu yao inakuja. Zanzibar isidaiwe kuiacha nafasi yake ya Afrika ili ipate majirani wa kucheza nao. Vyote viwili vinawezekana.

Kwetu watu wa Rufiji jambo hili si la mbali. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ya delta yetu zilipakiwa majahazini zikaenda kuezeka nyumba za Unguja. Tulijua kuvuka kabla ya mpira kufika.

Nasi wenyewe tujiangalie. Mara ngapi timu ya kijiji hujitoa katika ligi ya kata kwa sababu ya mwamuzi mmoja, penalti moja, au kiongozi mmoja aliyekosewa heshima? Msimu unapita, viongozi wamenuna, na vijana 20 hawana mechi. Kabla ya kuandika barua ya kujitoa, yafaa tuwaite wale vijana tuwaulize: ninyi mtacheza wapi? Na tusiichome boti tuliyojia. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye kutoka na atoke, iwapo haki yake imekanyagwa na kila njia imeshindikana. Lakini aihesabu ada nzima, pamoja na ile watakayolipa wasiokuwapo kikaoni, na auache mlango bila komeo.