Mifuko ya hewa haiongezi tani!

Huku Stockholm mimi mzima. Leo sina habari za baridi wala za chakula. Leo naandika habari za gari, na najua wengine mtacheka, nesi na magari wapi na wapi! Lakini kwa kuwa watu watatu wa ukoo wameshanipigia simu kuniambia nimekuwa mchoyo tangu nije Ulaya, bora niseme mara moja hapa, wote msome.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa Iringa alinipigia Jumapili. "Dada, nitumie mifuko ya hewa ya gari." Mimi nikajua anasema ile inayofumuka kwenye usukani gari likigonga. Nikafurahi, nikasema moyoni kijana amekua, anafikiria usalama. Kumbe wala! Anataka mifuko ya mpira inayofungwa nyuma, kati ya chesisi na ekseli, unaijaza upepo inasaidia springi ili gari lisikae chini likibeba mzigo.

Ameona video za Wamarekani wanavuta nyumba nzima kwa pikapu. Tela lina shingo, na shingo inalala juu ya sahani ya chuma iliyofungwa ndani ya bodi, kama zile semi za barabara ya Tunduma. Naye anataka achomelewe tela la hivyo, alivute kwa Hilux yake, apeleke mbao za Mafinga hadi Morogoro na Dar. Fundi kamwambia gari litakaa chini nyuma, lakini akifunga mifuko ya hewa tatizo limekwisha.

Nimekataa. Na sababu si uchoyo.

Kwanza niitendee haki hiyo mifuko. Si utapeli, inafanya kazi. Gari likilemewa nyuma, pua inapanda, taa zinamulika juu na kuwaumiza macho wanaokuja mbele, usukani unakuwa mwepesi. Ukijaza upepo gari linasimama sawa na taa zinarudi chini. Mtu ambaye mzigo wake uko ndani ya uzito ulioruhusiwa, ila gari linainama kidogo, mimi nitamwambia afunge tu.

Tatizo ni kwamba kusimama sawa si kuwa na nguvu. Mtu mwenye homa ukimpa Panadol joto linashuka, lakini malaria ipo pale pale. Gari kukaa chini ni homa hiyo, linakwambia kuna kitu. Mifuko inaondoa dalili, halafu dereva anasema "mbona lipo freshi!" na anaongeza mbao kumi.

Hebu tupige hesabu. Tela la shingo hutupa juu ya gari kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake wote. Mdogo wangu anataka mbao tani 3, na tela lenyewe la chuma tuseme tani 1. Jumla tani 4. Chukua asilimia 20, hizo ni kilo 800 zinazolala kwenye bodi. Weka sahani kilo 60, yeye na utingo wawili kilo 225. Tumefika kilo 1,085, na Hilux ni gari la kubeba kama tani moja. Hapo sijaweka jeki, maturubai wala ndizi za kupeleka kwa shangazi! Halafu kuna kuvuta. Hata Hilux mpya zinazouzwa huku Ulaya mwisho wake ni kuvuta kilo 3,500, tena tela liwe na breki. Ya mdogo wangu ni ya zamani, iko chini ya hapo. Ukifunga mifuko kumi, ekseli ni ile ile, beringi zile zile, tairi zile zile, breki zile zile.

Tena inaweza kuharibu. Springi inashika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma, uzito unagawanyika. Mfuko unasukuma chesisi sehemu moja, juu ya ekseli. Australia wanapenda sana kuvuta matela kwa pikapu, na huko zipo pikapu zilizopinda chesisi nyuma ya kebini kwa kuzidisha mzigo huku mifuko imejazwa upepo. Gari zima limevunjika mgongo!

Yeye kanijibu, "Dada, mbona Scania nyingi zina mifuko ya hewa?" Swali zuri, na amelileta kwa mtu sahihi, maana Scania kwao ni Södertälje, napanda treni hapa nafika hata saa moja haijaisha. Hata mabasi ya hapa mjini yana mifuko hiyo. Yakifika kituoni yanatoa upepo upande wa mlango, yanainama kama yanapiga goti, ili bibi mwenye kigari cha kutembelea apande bila shida. Napenda sana kuangalia! Lakini mifuko ya lori au basi haikuongezwa na fundi wa mtaani. Kiwanda kilipanga chesisi, ekseli, breki na mifuko vyote pamoja, kwa uzito mmoja. Kwenye pikapu unaongeza kimoja halafu unaviomba vingine vyote vivumilie.

Kazini kwetu tuna mashine ya kumwinua mgonjwa kitandani. Mashine imeandikwa kilo zake, ile fimbo ya kuning'inizia ina kilo zake, na kitambaa cha kumbebea kina kilo zake. Sheria ni moja: namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Mashine inaweza kubeba kilo 200, lakini kitambaa kikiandikwa 150, basi ni 150, hata daktari mkuu aje aseme vinginevyo. Gari ni hivyo hivyo. Huulizi kitu chenye nguvu kinabeba ngapi, unauliza kile dhaifu kinabeba ngapi.

Na kwa mdogo wangu kitu dhaifu si springi. Ni breki. Nilimuuliza, hilo tela litakuwa na breki zake? Kimya. Kisha akasema gari lina breki nzuri. Jamani! Huku Sweden tela likizidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake lenyewe, na tovuti ya mamlaka ya usafiri, Transportstyrelsen, ukiandika namba ya gari na ya tela inakwambia kama leseni yako inakuruhusu kulivuta. Si kwamba Waswidi ni waoga. Wanajua tela likikusukuma kwenye mteremko halikuulizi umefunga mifuko gani.

Na mteremko wenyewe mnaujua. Kutoka Iringa kwenda Morogoro kwa barabara kuu unateremka Kitonga. Tani 4 zinakusukuma mgongoni, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori mbele na nyuma. Breki za Hilux zikishika moto pale, mifuko ya hewa itafanya nini? Itahakikisha gari linaingia korongoni likiwa limenyooka vizuri!

Kwa hiyo mama, na wewe mjomba uliyesema nimewasahau, uamuzi wangu ni huu. Fedha ya mifuko situmi. Natuma fedha ya breki za tela la kawaida, dogo, lenye ekseli mbili na tairi nzuri. Kabla ya kutuma, gari lipimwe kwenye mizani likiwa tupu, nipigiwe picha ya karatasi. Akishapakia alipime tena. Likiwa ndani ya uzito na bado linainama, hapo nitanunua mifuko mimi mwenyewe, na gharama ya kuituma juu yangu. Na siku ana tani 3 za mbao akodi Fuso, maana ndiyo kazi yake.

Mdogo wangu, najua umekasirika, na simu zangu hupokei tangu Jumatano. Kasirika tu. Mimi kila siku nawaona watu waliolala kitandani kwa sababu ya kitu ambacho kilikuwa "kinabeba tu". Nataka ukinikasirikia unikasirikie ukiwa mzima.

Msalimieni shangazi. Ndizi zake zitakuja, ila kwa basi.