Wasemao Babu Zetu Walikunywa

Wako watu wasemao kwamba maji ya kijito hayana dhara, kwa sababu babu zetu waliyanywa wakaishi hata wakaota mvi. Msomaji, usemi huu utausikia nyumbani kwenu, na msemaji wake huenda akawa mtu umpendaye na upaswaye kumheshimu. Mheshimu, lakini usikubaliane naye. Waliokunywa wakaota mvi ndio waliobaki kusimulia. Waliokunywa wakafa wangali wachanga hawakuacha wajukuu wa kuwasemea. Babu zetu hao hao walizikana kwa wingi kipindupindu kiliposhuka kutoka bara kwa njia za misafara, kikafika Unguja mwaka 1869. Daktari James Christie, aliyekuwako huko, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Wengine hawataji babu, hutaji macho. Maji yakiwa maangavu, husema, ni safi. Mwaka 1854 katika mji wa London, mjane mmoja aliyekuwa amehama mtaa wa Broad Street aliendelea kuletewa maji ya pampu ya mtaa huo, maana alipenda ladha yake. Kipindupindu kilichokuwa ndani ya maji hayo matamu kilimwua, na kifo chake kikawa miongoni mwa ushahidi wa daktari John Snow kwamba ugonjwa ule ulisafiri kwa maji. Jicho na ulimi ni mahakimu wabovu katika kesi hii.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si na wazee. Ni na wale waliosoma, ambao hudhani kwamba kisima kikishajengwa kazi imekwisha. Katika Busia na Butere-Mumias, magharibi mwa Kenya, watafiti walichunguza chemchemi 200 hivi. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Chemchemi zilipojengewa saruji na kutiwa bomba, uchafu wa kinyesi katika maji ulipungua kwa kadiri ya theluthi mbili pale pale penye chemchemi. Kisha yakapimwa maji yaliyokuwa yamekwisha kufikishwa nyumbani. Huko upungufu ulikuwa kama robo tu! Faida ilipotelea wapi? Baadhi yake ilipotea kwa kuwa watu walichota pia mahali pengine pasipokingwa. Lakini fikiri pia habari za safari yenyewe: chombo kisichosuguliwa, jani linaloelezwa juu ya maji yasimwagike, mtungi usio kifuniko, na kata inayopita mikononi mwa watoto waliotoka kucheza. Ndiyo maana baadaye klorini iliwekwa katika vyombo maalumu kando ya visima na chemchemi, mchotaji aitie mwenyewe kabla hajaondoka, ili dawa isafiri pamoja na maji mpaka nyumbani.

Na choo je? Hapa watu hunyamaza. Mgeni mheshimiwa hufurahi kukata utepe mbele ya kisima. Ni nadra kumwona akikata utepe mbele ya choo. Lakini kinyesi kilichoachwa kichakani hungoja mvua tu, nayo mvua hukichukua mpaka kwenye maji tuliyoyagharimia. Hata choo cha shimo kikichimbwa juu ya kisima, katika mteremko, ni adui aliyekaribishwa. Kiwe upande wa chini, na kiwe mbali, angalau meta 30.

Serikali nayo haiwezi kuachwa ipite salama. Mwaka 1974 ilikusudiwa kwamba kila nyumba ya Kenya ipate maji safi karibu nayo ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kujisaidia vichakani kutakoma mashambani kote kabla mwaka 2013 haujaisha. Miaka hiyo yote imepita. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Ahadi haichoteki kwa ndoo.

Nawe kijana wa kiume, usicheke pembeni. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe, nao katika nyumba nyingi hubebwa na dada yako, ambaye kesho atafanya mtihani ule ule utakaoufanya wewe. Mgongo wako una udhuru gani?

Utaniambia sabuni ni ghali na bomba hakuna. Haya: chombo kidogo kilichotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba karibu na choo, yaani kibuyu chirizi, hunawisha mikono kwa maji machache sana, na kipande cha sabuni huweza kufungwa kando yake. Hakingoji serikali wala mfadhili.

Pampu ya kisima ni shauri jingine. Hiyo huvunjika, na mara nyingi huvunjika kwa kuchakaa mpira mdogo ambao bei yake si kitu. Barazani, baada ya hotuba, simama kwa adabu uulize: fedha za kununulia vipuri anaziweka nani, na mwezi uliopita zilikuwa kiasi gani?