Mbolea nafuu pekee haitoshi Nyeri

Serikali ilipopunguza bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mwaka 2022, kisha Sh2,500 mwaka uliofuata, wakulima wengi wa Mlima Kenya walishusha pumzi. Mwaka 2024 ikazuka kashfa ya mbolea ghushi. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akakabiliwa na hoja ya kumng'oa, ingawa kamati ya Bunge ilimwondolea lawama. Mjadala wote ulihusu kilichomo mfukoni. Ni wachache waliouliza kuhusu udongo unaoipokea mbolea hiyo.

Swali hilo ni zito Othaya, Tetu na Mukurwe-ini, sawa na katika miteremko ya Kirinyaga, Embu na Meru. Mvua nyingi imesomba kalsiamu na magnesi kutoka udongo mwekundu wa huko, ikaacha asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosforasi hunaswa, mmea usiipate. Mkulima ametia DAP, fedha zimekwenda, na mahindi yamebaki mafupi yenye majani ya zambarau. Isitoshe, DAP yenyewe ikitumiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi iyo hiyo.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Hiyo hutuliza alumini na kuifungulia mbolea njia ya kufika mizizini. Lakini si ya kunyunyizwa kwa kiganja: kiwango cha kawaida ni kama tani mbili kwa hekta, yaani mifuko 16 hivi kwa ekari, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mwenye robo ekari anahitaji minne, na mzigo huo hutoka mbali. Nauli ya lori ndiyo humvunja moyo.

Wala si kila shamba linaihitaji. Majani chai hupenda asidi, na Kieni, iliyo upande mkavu, haifanani na Othaya. Lazima udongo upimwe kwanza. KALRO ina maabara Kabete, ila kwa mkulima wa Mukurwe-ini hiyo ni safari. Sehemu ya fedha za ruzuku ingegharimia upimaji vijijini na usafirishaji wa chokaa, na hayo yafanywe mapema, kabla ya mvua za Machi.