Wingu Lina Ardhi, Lango na Mkuu Wake

Neno "wingu" limekwisha kuingia katika kambi zetu na vituo vyetu vya polisi. Karani wa kikosi huambiwa kwamba orodha ya askari imewekwa kwenye wingu. Mpelelezi huambiwa kwamba picha za ushahidi ziko kwenye wingu. Wengi wakisikia hivyo huridhika, wasiulize zaidi. Sisi twasema kwamba jina hili, ijapokuwa ni zuri masikioni, lapotosha. Hakuna hata herufi moja ya kumbukumbu hizo inayokaa hewani. Zote zimo ndani ya jengo, jengo hilo liko juu ya ardhi ya nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo, nalo hulindwa na watu waliopangiwa zamu kama sisi tunavyopangiwa.

Twawaandikia askari na polisi kwa sababu kazi yetu haiendi bila kumbukumbu. Askari asiyeonekana katika orodha hapati mshahara. Mjane ambaye jalada la mumewe limepotea hapati haki yake. Mshtakiwa ambaye ushahidi wake hauonekani huachiliwa, hata kama ana hatia. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika mijadala ya jambo hili swali linalotangulizwa ni hili: Je, mitambo ni yetu au ni ya wageni? Ni swali la haki, na taifa linalojiheshimu halina budi kuliuliza. Lakini maoni yetu ni kwamba liko swali linalolitangulia: Nakala ya pili iko wapi, na ni nani mwenye amri juu yake?

JENGO LENYEWE

Kituo cha data, kwa mtu apitaye barabarani, hufanana na bohari kubwa. Ndani yake mna safu za makabati ya chuma, na katika kila kabati zimepangwa kompyuta zenye nguvu ziitwazo seva. Seva moja haimtumikii mteja mmoja tu. Programu maalumu huigawa iwe kama mashine nyingi, kila mteja akapata sehemu yake asimwone jirani yake. Ndiyo sababu huduma hii hukodishwa kwa saa na kwa kiasi, kama vile maji au umeme.

Mashine hizo hula umeme mwingi na hutoa joto jingi. Kwa hiyo jengo huhitaji mitambo ya kupooza hewa ifanyayo kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika, betri hushika kazi kwa dakika chache, kisha jenereta za dizeli huwashwa. Waya za nyuzi za kioo huingia kwa njia zaidi ya moja, ili moja ikikatwa nyingine iendelee. Langoni yuko mlinzi, na hakuna aingiaye bila kibali. Umeme, baridi, waya na ulinzi: kimoja kikishindwa, wingu lote la jengo hilo husimama.

Makampuni makubwa huyapanga majengo yao katika kanda. Kampuni ya Amazon, kwa mfano, huweka katika kila kanda yake sehemu zisizopungua tatu. Kila sehemu ina jengo moja au zaidi, na ina umeme na upoozaji wake yenyewe. Sehemu hizo zimetenganishwa kwa kilomita kadhaa ili moto au mafuriko yasiziangamize zote kwa pamoja, lakini hazizidi kilomita 100 baina yao, ili mawasiliano yasichelewe. Katika bara letu Amazon ilifungua kanda ya Cape Town mwezi wa Aprili 2020. Microsoft ilikuwa imekwisha kufungua vituo vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Google ikafungua kanda yake ya Johannesburg mwaka 2024.

Mpangilio huu ni mzuri, lakini haumsaidii mteja asiyeutumia. Mteja akiiweka mashine yake katika sehemu moja tu, humo ndimo itakamobaki. Nakala ya sehemu ya pili, au ya kanda ya pili, aghalabu huamriwa na mteja mwenyewe na hulipiwa.

Tena kuna njia ya kufikia huko. Uganda haina pwani. Waya zetu hupita Kenya au Tanzania ndipo zifike kwenye mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Vituo vya data havikuguswa siku ile. Bohari ilikuwa salama, ila barabara ya kuifikia ndiyo iliyokatika. Kila ofisa wa ugavi anajua kwamba bohari isiyofikika haimlishi askari.

AMRI NA FUNGUO

Upande wa pili wa jambo hili ni utawala. Mkataba wa wingu hugawa wajibu kati ya pande mbili. Kampuni hulinda jengo, mashine na mitambo iendeshayo huduma. Mteja hulinda vyake: nani aruhusiwe kusoma, nani aruhusiwe kufuta, maneno ya siri yatunzwe vipi, na nakala zifanywe lini. Mwenye nyumba ya kupangisha hujenga ukuta na kuweka lango imara. Mpangaji akimpa mpita njia ufunguo wa chumba chake, asimlaumu mwenye nyumba.

Katika hesabu ya mteja iko akaunti moja kuu yenye uwezo wote. Utaratibu mwema ni kwamba akaunti hiyo ifungiwe, isitumike kwa kazi za kila siku. Watumishi wengine hupewa kila mmoja idhini ya kazi yake tu, na kila tendo huandikwa katika daftari la mtambo pamoja na jina na saa. Haya si mageni kwetu. Silaha haitoki ghalani bila sahihi, wala mtunza ghala hampi kila mtu ufunguo kwa sababu tu wote wamevaa sare moja.

Tarehe 28 Februari 2017 mtumishi wa Amazon mwenye idhini, akifuata utaratibu ulioandikwa, alitoa amri ya kuondoa kazini seva chache katika kanda ya kaskazini ya Virginia, nchini Marekani. Aliikosea amri hiyo alipoiandika, na seva nyingi zaidi zikaondolewa. Huduma ya kuhifadhi data katika kanda hiyo ikavurugika kwa zaidi ya saa nne. Hata ubao ambao kampuni huutumia kuwatangazia wateja hali ya mitambo ulishindwa kubadilishwa kwa muda, kwa kuwa nao ulitegemea huduma ile ile iliyoanguka. Baadaye kampuni ilirekebisha chombo hicho cha amri ili kisiweze tena kuondoa seva nyingi kwa haraka namna ile. Tunapenda ndugu zetu walione jambo hilo: kampuni iliutafuta udhaifu katika utaratibu na kuuziba, haikutosheka na kumtazama aliyebonyeza.

Utawala ni sheria pia, na hapa polisi wasikilize zaidi. Mwaka 2013 wapelelezi wa Marekani, katika kesi ya dawa za kulevya, walipata hati ya mahakama ya kutaka barua pepe za mteja wa Microsoft. Barua zenyewe zilikuwa katika kituo cha Dublin, nchini Ireland. Kampuni ilikataa kuzitoa, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikaiunga mkono. Kesi ilikuwa imefika Mahakama Kuu ya nchi hiyo wakati Bunge la Marekani lilipopitisha sheria, Machi 2018, kwamba kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani, ikipewa hati halali, yapaswa kutoa data popote ilipohifadhiwa. Basi kumbukumbu moja yaweza kuwa chini ya mabwana wawili: nchi ambamo jengo limesimama, na nchi ambayo kampuni ni yake. Mpelelezi asiyejua hili atapeleka barua yake mahali pasipo na jibu.

MAJENGO MAWILI YALIYOUNGUA

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Wapo wateja waliokuwa na nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikuwa katika kituo kile kile. Zikaungua pamoja na asili yake.

Mtu atasema kwamba hao walitegemea kampuni ya kibiashara. Basi na tutazame Korea Kusini, nchi yenye ustadi mkubwa wa kompyuta. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali yenyewe mjini Daejeon, wakati mafundi walipokuwa wakihamisha betri za lithiamu. Mifumo 647 ya serikali ilisimama kwa hesabu ya awali. Baadaye ilihesabiwa 709. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali iliyokuwa humo, yenye terabaiti 858, iliteketea, nayo haikuwa na nakala mahali pengine kwa sababu ya ukubwa wake. Wizara iliyoumia zaidi ni ile ya utumishi, ambayo iliwaamuru watumishi wake kuweka nyaraka zote humo na wasiziweke katika kompyuta za ofisini. Waliotii amri kikamilifu ndio waliopoteza zaidi.

Jengo lile lilikuwa lao, juu ya ardhi yao, chini ya bendera yao. Umiliki haukuuzima moto.

Ukraine inatoa fundisho la upande mwingine, nasi twalitaja kama wanajeshi tusomao vita, si kama waamuzi wa vita hivyo. Sheria yake ilikataza data za serikali zisiwekwe katika wingu la makampuni. Tarehe 17 Februari 2022 Bunge lake liliibadilisha sheria hiyo. Siku saba baadaye vita vikaanza, na kituo cha data cha serikali kikawa miongoni mwa shabaha za kwanza za makombora. Kumbukumbu za dola ziliokoka kwa kuwa zilihamishiwa nje. Estonia ilikuwa imetangulia: mwaka 2017 ilifanya mapatano na Luxembourg ya kuweka huko nakala za data zake, katika kituo chenye kinga mfano wa ile ya ubalozi.

Hatusemi kwamba kila kitu kipelekwe ng'ambo. Ziko siri za ulinzi ambazo hazipaswi kuvuka mpaka, na sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu yaweka masharti juu ya data zinazoshughulikiwa nje ya nchi. Tunalosema ni kwamba siri isiyovuka mpaka nayo yahitaji nakala katika mji mwingine wa ndani ya mpaka huo huo, kwenye umeme mwingine na mlinzi mwingine. Hakuna mkuu wa kikosi awekaye risasi zake zote katika bohari moja, akalala usingizi kwa sababu bohari ni yake.

Kwa hiyo ofisa yeyote atakayeletewa mkataba au mtambo mpya na aulize, kabla ya kutia sahihi: Jengo liko wapi, na ni sheria za nchi gani zinazolitawala? Nakala ya pili iko jengo gani, umbali gani? Ni nani mwenye akaunti kuu, na nani husoma daftari la matendo? Mara ya mwisho nakala ilirudishwa na kujaribiwa lini? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, ilhali nakala isiyojaribiwa ni kama jenereta isiyowahi kuwashwa.

Na akijibiwa kwamba asiwe na wasiwasi, kwa kuwa yote yako kwenye wingu, ajue kwamba bado hajajibiwa.