Kaunti zilipie majibu ya damu, si mashine tu

Mashine ya kuhesabu chembechembe za damu haina makuu. Inakaa juu ya meza ya maabara, na kazi yake ni moja. Mtaalamu huchukua kichupa chenye kifuniko cha zambarau, hukipinduapindua taratibu ili damu isigande wala isitulie chini, kisha hukiweka chini ya sindano ya mashine. Tone dogo hufyonzwa, na kwa muda wa kama dakika moja karatasi hutoka ikiwa na himoglobini, chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Ufundi wenyewe si mgeni: Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza yake mwaka 1953, baada ya kubaini kwamba kila chembe inayopita kwenye tundu jembamba hukatiza kidogo mkondo wa umeme, na mikatizo hiyo inaweza kuhesabiwa. Kabla ya hapo mtu alikuwa akiinamia hadubini na kuhesabu kwa macho, mraba baada ya mraba. Kwa hiyo tunapozungumzia Kitale na Bungoma, suala si kama teknolojia ipo. Suala ni nani anailipia, na anailipia vipi. Maoni yangu ni kwamba kaunti ya Trans Nzoia na ile ya Bungoma ziache kununua mashine hizi kama mali, zianze kulipia majibu yanayomfikia mgonjwa.

Ukanda wa magharibi una sababu zake za kuhitaji majibu hayo haraka. Malaria hushusha damu ya watoto, na mama mjamzito ambaye himoglobini yake iko chini ya gramu 7 kwa desilita hahitaji kusubiri hadi wiki ijayo. Halafu kuna selimundu. Ugonjwa huu umekita mizizi mahali malaria ilipotamba kwa vizazi, kwa sababu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ilhali aliyerithi jeni kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye huugua. Dawa ya haidroksiyurea imepunguza maumivu na vifo vya wagonjwa hawa, lakini inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, hivyo damu lazima ihesabiwe mara kwa mara. Mtoto wa Cheptais au Kapsokwony akifika kliniki akute mashine imezimika, daktari ana njia mbili tu, zote mbaya: aendelee kutoa dawa bila kujua, au aisimamishe. Njia ya tatu ni mzazi kutoa pesa mfukoni na kwenda maabara ya kibinafsi mjini. Wapo wanaosema kwa kuwa maabara hizo zipo, serikali haina haja ya kuhangaika. Waambieni hivyo wazazi wanaotakiwa kupima damu ya mtoto miaka nenda miaka rudi.

Kosa la kulipia vyuma na kusahau kazi tumeshalifanya kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha vifaa vya upasuaji, vya kusafisha figo, vya wagonjwa mahututi na vya picha kwa hospitali mbili katika kila kaunti, kwa mkataba wa miaka saba uliokadiriwa mwanzoni kugharimu shilingi bilioni 38. Kila kaunti ilianza kwa kukatwa takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye zikafika milioni 200. Seneti ilipochunguza mpango huo, ripoti yake ya 2020 ilieleza vifaa vilivyolala kwa kukosa wataalamu, umeme, maji au hata chumba. Pesa zililipwa vivyo hivyo.

Mtu makini atauliza: sasa unatupendekezea mkataba mwingine wa vifaa? Swali ni la haki. Tofauti iko kwenye kinacholipiwa. Katika mpango ule kaunti ililipa kiasi kile kile, kifaa kifanye kazi au kibaki kwenye sanduku. Ninachotetea ni kampuni kuleta mashine, vitendanishi, fundi na damu ya kuhakikia usahihi, kisha ilipwe kwa kila jibu lililorekodiwa na kumfikia daktari. Mashine ikizimika, malipo nayo yanazimika, na hapo ndipo fundi hupatikana haraka. Vitendanishi ndivyo vinavyokula pesa. Mashine nyingi hukubali vile vya kampuni iliyozitengeneza tu, na vikiisha ghalani, mashine hiyo ni sawa na mashine ya kusaga isiyo na dizeli msimu wa mahindi. Damu ya kuhakikia nayo huwekwa kwenye friji na huharibika ndani ya wiki chache, kwa hiyo haiwezi kununuliwa mara moja kwa mwaka kama karatasi za ofisi. Ni kweli kwamba mkataba wa aina hii unaweza kuifunga kaunti kwa kampuni moja, na mjanja anaweza kutia chumvi idadi ya vipimo. Basi mkataba uwe mfupi, bei ya kila kipimo itangazwe hadharani, na idadi ilinganishwe na rekodi za wagonjwa. Ukaguzi huo ni mwepesi kuliko kukagua makreti yaliyofungwa.

Wengine wanataka kila zahanati ipewe mashine yake ndogo. Wazo linavutia, hasa wakati wa kampeni, lakini hesabu inalikataa. Mashine hujisafisha kila inapowashwa na kuzimwa, ikitumia vitendanishi hata kama siku hiyo imepima wagonjwa watano tu, na damu ya kuhakikia huisha muda iwe imetumika au la. Damu iliyo kwenye kichupa sahihi hustahimili saa kadhaa bila kuharibika. Bodaboda wanaweza kuitoa Endebess hadi Kitale, au Kimilili hadi Webuye au Bungoma, na jibu likarudi kwa simu siku hiyo hiyo. Sampuli za kupima wingi wa virusi vya Ukimwi zimekuwa zikisafirishwa kwa miaka hadi maabara kubwa kama ile ya AMPATH Eldoret na ya KEMRI Alupe. Zahanati ibaki na kipima himoglobini cha mkononi kwa dharura.

Mashine pia hudanganyika, na hili wauzaji hawalisemi kwa sauti. Chembe sahani zikishikana, huzihesabu pungufu. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyekundu changa zenye kiini zinaweza kuhesabiwa kama nyeupe, na daktari akadhani kuna maambukizi makali. Viwango vya kawaida vinavyochapishwa pembeni mara nyingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani, ilhali Waafrika wengi wazima kabisa wana aina fulani ya chembe nyeupe kwa idadi ndogo kuliko hiyo. Mkataba usiolipia pia hadubini na mtaalamu wa kukagua majibu yenye alama ya onyo haujakamilika.

Wawakilishi wadi wa kaunti zote mbili hupitisha bajeti kabla ya Julai, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Ukihudhuria kikao cha wadi yako, usiulize mashine ngapi zitanunuliwa. Uliza mashine iliyopo ilifanya kazi siku ngapi mwaka uliopita, na udai jibu hilo kwa maandishi.