Wakala wa Mtaa wa Kongo Aulizwe Kwanza

Anayepita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, baada ya swala ya alasiri huwaona mawakala wa fedha za simu wamekaa chini ya miavuli yao, wateja wakisubiri zamu. Tumelizoea jambo hili hata tunadhani lilikuwepo tangu zama za wazee wetu. Sivyo.

Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianza kuijaribu M-Pesa ili wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Wakopaji wale wakaitumia kwa haja nyingine: kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ingeweza kuwakemea. Badala yake iliacha mpango wake wa awali, na Machi 2007 ikaifungua huduma kwa umma kuwa ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Kwa maoni yetu, huo ndio uongozi wa ubunifu: mkuu wa kampuni kukubali kufundishwa na muuza mchicha.

Na dola je? Benki Kuu ya Kenya haikusubiri sheria ikamilike, wala haikuiachia kampuni ijiamulie. Iliruhusu huduma kwa sharti kwamba fedha za wateja ziwekwe benki kama amana, zisichanganywe na mali ya kampuni. Hapa kwetu pia huduma ilitangulia, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja mwaka 2015. Sera ilitembea nyuma ya ubunifu kama mchungaji nyuma ya kundi, fimbo mkononi.

Julai 2021 mchungaji alipita mbele. Ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia sh. 10 hadi sh. 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada ya kampuni. Kilio kilikuwa kikubwa, na kabla ya miezi miwili kutimia Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Hatupingi kodi, shule na barabara hazijengwi kwa dua peke yake. Lakini tuliwaona wateja wakirejea kufunga noti kwenye pindo la kanga, katika mitaa ambayo vibaka wanalijua pindo hilo vizuri mno. Naye wakala hulipwa kamisheni. Muamala usipofanyika, hana chake.

Hesabu iliyofanywa baada ya kilio ingewezekana kabla yake. Muswada wa fedha unapopelekwa Dodoma, wadau huitwa kutoa maoni. Tunaomba safari ijayo wakala wa Mtaa wa Kongo naye aitwe, na aende na daftari lake la miamala.