Aliyelazimishwa asifungiwe rufani

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya jambo linalowaumiza wanyonge mahakamani.

Tuseme binti kaahidiwa kazi ya ndani ng'ambo. Wakala kampa paspoti ya kughushi na kumwonya kwamba akitoa siri, nduguze watakiona. Anakamatwa mpakani. Anapandishwa kizimbani bila wakili, anasomewa shtaka, anajibu, "Ni kweli." Kifungo!

Akitaka kukata rufani anakuta mlango umefungwa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekiri kosa katika mahakama ya chini hawezi kupinga hatia, ila adhabu tu. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama Kuu ilieleza kuwa rufani itasikilizwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, au mshtakiwa alikiri kwa kutoelewa. Lakini binti huyu alielewa. Aliogopa.

Na hata angejitetea kwamba alilazimishwa, Sheria ya Kanuni za Adhabu, tuliyorithi kwa mkoloni, inataka vitisho viwe vya kuuawa au kuumizwa vibaya papo hapo, tena kutoka kwa mshiriki mwenzake katika kosa. Vitisho vya madhara ya baadaye havimwokoi. Je, wafanyabiashara ya watu hutisha kwa nini kingine?

Nisiambiwe kwamba nawatetea wahalifu. Uingereza mwaka 2009 kijana wa Vietnam mwenye miaka 15 alikutwa katika nyumba ya kulimia bangi mjini Cambridge. Alikiri, akafungwa. Rufani ilipunguza kifungo kutoka miezi 20 hadi 12, hatia ikabaki. Mpaka mwaka 2021 ndipo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua kwamba haki zake zilivunjwa. Miaka kumi na miwili!

Sisi tunayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Basi naomba mahakimu, kabla ya kuandika "amekiri", wamuulize mtu kama huyu: paspoti hii ulipewa na nani, nauli alilipa nani, na nyumbani nani anatishwa? Wamuulize faragha, maana pengine mwenye kumtisha amekaa benchi la nyuma anasikiliza. Na Bunge liyatazame upya maneno hayo ya "papo hapo".

Msomaji wako,
Tanga.